SENTENSI INAYOFUNZA NA SENTENSI TUPU: Msamiati wa Liwatoni katika Darasa la Kiswahili

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya pili na ya tatu, hebu fungua kitabu chochote cha marudio ulicho nacho, utafute ukurasa wa msamiati. Yamkini utakuta orodha ya maneno upande wa kushoto, maana zake upande wa kulia, na chini yake sentensi za mifano. Zisome kwa makini. Nyingi zitakuwa za namna hii:

(1) Jarife ni zuri.
(2) Baba alinunua jodari.
(3) Tuliona chelezo jana.

Kisarufi, sentensi hizi hazina dosari. Upatanisho umezingatiwa, nyakati ni sahihi, herufi kubwa na vikomo vimewekwa panapostahili. Hata hivyo, hazifunzi chochote. Ondoa neno jarife katika sentensi ya kwanza, uweke gari, jumba au godoro: sentensi itasimama vilevile. Katika ya pili, baba anaweza kununua jodari, shati, mbuzi au shamba. Katika ya tatu, kilichoonwa jana kinaweza kuwa chochote chini ya jua. Mwanafunzi aliyejua maana kabla ya kusoma hajaongezewa kitu, na asiyejua ametoka alivyoingia. Hizi ndizo ninazoziita sentensi tupu.

Makala haya yananuia kuonyesha tofauti baina ya sentensi tupu na sentensi inayofunza, na kueleza kwa nini tofauti hiyo ni suala la uhakiki wa fasihi, wala si la sarufi peke yake. Mifano nimeitoa zaidi Liwatoni, sehemu ya kisiwa cha Mombasa inayotazama mlango wa Kilindini, ng'ambo ya Likoni. Nimepachagua kwa sababu pana bandari ya uvuvi, meli hupita mbele yake, na watu wa bara na wa pwani hukutana hapo kila siku. Msamiati unaowasumbua watahiniwa wengi katika vitabu vyetu, hapo ni msamiati wa kazi.

Kwa nini suala hili ni zito? Katika karatasi ya 102/2 ya KCSE, ufahamu una alama 15, na aghalabu swali la mwisho humtaka mtahiniwa aeleze maana ya maneno kadha "kama yalivyotumika katika kifungu". Maneno hayo manne ya mtahini ndiyo roho ya swali. Haulizwi neno lina maana gani kamusini, anaulizwa linafanya nini mahali hapa. Aidha, sehemu ya matumizi ya lugha, yenye alama 40, humtaka atunge sentensi kubainisha maana mbili za neno moja au kutofautisha vitate. Aliyelelewa kwa sentensi tupu hutunga sentensi tupu. Hupoteza alama ilhali maana anaijua, na hajui kosa lake liko wapi.

Jina la mahali na tamaa ya kukata neno

Tuanze na majina yenyewe. Wanafunzi wetu hupenda kupata maana ya neno kwa kulikata vipande. Wakati mwingine njia hii huzaa matunda. Kilindini ni kilindi pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Kilindi ni maji yenye kina kirefu. Meli kubwa hutia nanga hapo kwa sababu pana kina, kwa hiyo jina na kazi ya mahali vinathibitishana. Likoni nayo ni liko na -ni. Liko ni mahali ufuoni ambapo vyombo huegeshwa ili watu na shehena washuke. Katika Kiswahili sanifu neno hili hutajwa kama diko, na mabadiliko hayo ya /l/ na /d/ unayaona pia katika lema, mtego wa samaki uliosukwa, ambao vitabu huuita dema. Mtoto wa Likoni anaishi ndani ya neno ambalo mwenzake wa bara analikariri kama msamiati mgumu. Ni wangapi kati yetu waliowahi kumwambia hivyo darasani?

Sasa litazame jina Liwatoni. Mwanafunzi anayejua kuwa Kimvita husema kuwata kwa maana ya kuacha atalikata neno hili kwa njia moja. Anayeijua liwa, ule mti wa manukato ambao unga wake hutumiwa na wanawake kujirembesha, atalikata kwingine. Mikato yote miwili inavutia, lakini kuvutia si ushahidi. Kilindini na Likoni zilikubali kukatwa kwa sababu vipande vyake vina sentensi nje ya jina: watu walisema kilindi na liko katika shughuli zao. Kisu cha mofimu bila matumizi hukata hata pasipo na kiungo.

Somo kwa mtahiniwa ni hili: umbo la neno hukupa dhana ya awali, sentensi ndiyo huithibitisha au kuikanusha. Usijibu swali la "kama lilivyotumika" kwa umbo pekee.

Daraja: neno moja, sentensi tatu

Neno daraja ni kipenzi cha watahini kwa kuwa lina maana zaidi ya moja. Hebu tulipime kwa sentensi tatu:

(4) Daraja lililounganisha Liwatoni na Ras Bofu liliwawezesha waendao kwa miguu kuvuka mlango wa bahari bila kungojea feri.
(5) Baada ya miaka mingi ya kazi, mwalimu yule alipandishwa daraja na mshahara wake ukaongezwa.
(6) Mzee aliteleza kwenye daraja ya tatu alipokuwa akishuka kutoka ghorofani, akaanguka hadi mlangoni.

Katika (4), maneno lililounganisha, kuvuka na mlango wa bahari yanalibana neno pande zote. Hakuna awezaye kusoma hapo akafikiria cheo. Katika (5), alipandishwa na mshahara vinafanya kazi hiyo. Katika (6), aliteleza, akishuka na ghorofani vinatuonyesha kidato cha ngazi. Maana hii ya tatu wanafunzi wengi wa bara hawaijui, ingawa ndiyo iliyo karibu na asili. Neno limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ya msingi ni kidato na cheo. Ukishaijua hiyo, maana zote tatu zinashikana: kila daraja ni hatua inayokutoa ulipo ikakufikisha kwingine.

Daraja la Liwatoni lenyewe lina funzo la ziada. Lilifunguliwa Januari 2021, wakati wa janga la Korona, ili kupunguza msongamano wa abiria kwenye feri. Urefu wake ulizidi kilomita moja, na sehemu kubwa ilikaa juu ya maji bila nguzo za kudumu. Meli ziendazo bandari ya Kilindini hupita mlango huohuo, kwa hiyo sehemu ya kati ilijengwa iweze kufunguliwa. Wasemaji waliliitaje? Daraja la kuelea. Tazama jinsi lugha ilivyofanya kazi. Fasili iliyozoeleka ya daraja hutufanya tufikirie nguzo, zege na barabara juu yake. Lilipokuja daraja lisilo na sifa hizo, wasemaji hawakubuni neno jipya; waliongeza kivumishi kinachotangaza tofauti. Nalo jambo halikuwa geni Mombasa, kwani daraja la zamani la Nyali, lililofunguliwa mwaka wa 1931, lilikuwa likielea pia kabla ya daraja la sasa la zege kufunguliwa mwaka wa 1980.

Usikomee hapo. Kiswahili kina majina mengine ya vitu vya kuvukia, na kila moja ladai sentensi yake. Ulalo ni gogo au miti iliyolazwa juu ya kijito. Tingatinga, kabla ya kuwa jina la trekta, ni daraja linaloning'inia kwa kamba. Kantara ni daraja pia. Mwalimu akisema tu kwamba maneno haya ni visawe vya daraja, amesema ukweli nusu. Linganisha:

(7) Mafuriko yalipochukua ulalo, wanakijiji waliangusha mti mwingine wakaulaza juu ya kijito.

Huwezi kuweka tingatinga hapo, kwa kuwa tingatinga halilazwi. Wala huwezi kulipeleka neno ulalo Liwatoni, kwani hakuna gogo la kutosha mlango ule wa bahari. Sentensi imekataa kisawe. Hiyo ndiyo alama ya sentensi inayofunza: inajua inachokikataa.

Kivuko na uzito wa kuvuka

Kivuko ni mfano wa neno ambalo maana yake hutegemea msemaji yuko wapi. Kwanza ni mahali pa kuvukia. Pili ni chombo chenyewe. Tanzania, chombo kinachowavusha watu kati ya Dar es Salaam na Kigamboni huitwa kivuko. Mombasa, chombo huitwa feri, na jina hilohilo limekuwa la mahali, hata abiria wa matatu humwambia utingo, "Nishushe Feri." Mtahiniwa atakayetakiwa kubainisha maana mbili za kivuko anaweza kuandika hivi:

(8) Walifika kivukoni wakakuta chombo kimekwisha kuondoka, wakakaa ufuoni kungojea kingine.
(9) Kivuko kiliharibika injini katikati ya mkondo, kikakokotwa na chombo kingine hadi gatini.

Katika (8) kiambishi -ni na neno chombo vinakataza tusifikirie kwamba kivuko ndicho kilichoondoka. Katika (9) mahali hapawezi kuharibika injini. Alama mbili zimepatikana bila maelezo marefu.

Lakini kuna uzito mwingine ambao fasili haiutaji. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe ilizama ikiwa na abiria waliokuwa wakivuka kuelekea kisiwani, na zaidi ya watu 250 wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo, kwa jamaa wa ng'ambo ile, kitenzi kuvuka si chepesi. "Umevuka salama?" ni swali la adabu kwa msikilizaji wa mbali, kwa aliye Mtongwe lina kumbukumbu ndani yake. Mwalimu anayefunza kuvuka kwa sentensi "Kuku alivuka barabara" hajakosea, ila amefunza mwendo bila uzito. Fasihi huishi kwenye uzito huo. Mwandishi anapomvusha mhusika maji, mara nyingi anamtoa katika hali moja kumtia katika nyingine, na msomaji asiyehisi hivyo atabaki akihesabu safari.

Chelezo, kielelezo na maji ya kupwa

Vitate huwatatiza watahiniwa kwa sababu hufunzwa kama jozi za sauti badala ya jozi za maisha. Chukua chelezo na kielelezo:

(10) Wavuvi walifunga vyelezo kwenye jarife lisizame, nao wakaliona kwa mbali waliporudi alfajiri kulivua.
(11) Jahazi lilipandishwa chelezoni, mafundi wakalikalafati hadi nyufa zote zikazibika.
(12) Mwalimu alichora kielelezo ubaoni ili wanafunzi waelewe jinsi wavu unavyotegwa.

Sentensi ya (10) inatupa mambo mengi kwa mpigo: chelezo hufungwa, kazi yake ni kuzuia kuzama, huonekana kwa mbali. Hali kadhalika tunajifunza kwamba jarife ni wavu utegwao na kuachwa majini. Sentensi ya (11) inaonyesha kwamba neno hilohilo hutumika kwa mahali chombo kinapotengenezewa. Sentensi ya (12) inakitenga kielelezo kabisa na maji. Sasa rudi kwenye sentensi za (1) na (3) pale mwanzo, uone ni kiasi gani tulichokuwa tumepokonywa.

Tuchukue na kitenzi pwa, ambacho vitabu vingi hukitaja katika orodha ya vitenzi vya silabi moja, pamoja na fa, la, nywa na cha. Mwanafunzi hukariri orodha na kuinyambua bila kujua ni nini kinachopwa. Mwambie hivi:

(13) Maji yakipwa, mashua hukaa mchangani. Yakijaa, huelea zenyewe.

Sentensi imekipa kitenzi kinyume chake (jaa), imekipa kiima chake cha desturi (maji), na imeonyesha matokeo. Ndipo unapoweza kumuuliza: neno pwani limetoka wapi? Atajibu mwenyewe, wala hatasahau.

Tulivyofika hapa: kamusi na watu wake

Haifai kuwalaumu waandishi wa vitabu vya marudio peke yao. Suala hili lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya Mombasa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, nayo imejaa lahaja ya Kimvita. Sifa yake kubwa ni kwamba maneno mengi yamefuatiwa na virai na sentensi. Si zote zilizo nzuri, na katika baadhi unamsikia mhubiri kuliko mvuvi. Hata hivyo, Krapf alitambua kwamba neno la ugenini halishikiki bila kusikika likitumika. W. E. Taylor naye, katika mkusanyiko wake wa methali wa mwaka wa 1891, alikwenda mbele zaidi: methali ni sentensi ambayo jamii imekwisha kuipima, na neno lililo ndani yake haliwezi kubadilishwa ovyo.

Mwaka wa 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi huo ulileta manufaa ya elimu katika Afrika Mashariki nzima, na si nia yangu kuufufua mjadala wake. Ninachosema ni kwamba usanifishaji ulihitaji orodha: neno hili ndilo, lile silo. Orodha ikaingia shuleni ikiwa imeacha sentensi nyuma. Liko likawa diko, lema likawa dema, na mtoto wa Mvita akaanza kujifunza maneno yake mwenyewe kama mgeni.

Aliyelijibu tatizo hili kwa vitendo ni Ahmed Sheikh Nabhany, malenga mzaliwa wa Lamu aliyeishi miaka mingi Mombasa na kufariki mwaka wa 2017. Nabhany aliona maneno ya mafundi yakipotea, naye hakuyaorodhesha tu. Aliyatungia tenzi. Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka wa 1979, unamwongoza msomaji katika uundaji wa chombo cha Lamu, na Umbuji wa Mnazi wa mwaka wa 1985 unaueleza mnazi na manufaa yake. Kihakiki, nguvu ya tungo hizi iko katika kazi. Kila jina la kifaa au sehemu linatajwa mahali linapohitajika, kama vile fundi anavyonyoosha mkono kuchukua zana. Udhaifu wake, kwa msomaji wa leo wa bara, ni kwamba wingi wa nomino unaweza kumlemea asiyewahi kuona jahazi wala kupanda mnazi. Hapo ndipo mwalimu anapohitajika, atunge sentensi za kumvusha.

Nabhany pia anahusishwa na neno runinga. Neno hilo limeshika kwa sababu watangazaji na waandishi walilibeba kila siku katika sentensi. Ngamizi, alilolipendekeza kwa kompyuta, halikupata wabebaji wengi hivyo, na mtaani watu husema kompyuta. Yote mawili yaliundwa kwa ustadi. Kilichoamua si uzuri wa umbo, bali wingi wa vinywa.

Riwaya kama sentensi ndefu

Sasa tuingie katika karatasi ya tatu. Nataka kudai kwamba baadhi ya vitabu teule si chochote ila sentensi ndefu ya mfano, na kwamba mtahiniwa akielewa hivyo, maswali ya anwani na maudhui yatamlainikia.

Chukua Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012), riwaya iliyotahiniwa kwa miaka kadha. Kidagaa ni samaki mdogo. Nahau ya kuozewa na kidagaa ina maana ya mambo kumharibikia mtu hata asijue la kufanya. Mtahiniwa wengi huandika maana hiyo kisha wakaendelea na safari. Lakini mwandishi ametumia kitabu kizima kuonyesha nani huozewa, na kwa sababu gani. Mtemi Nasaba Bora hakuonewa na bahati. Dhuluma aliyoipanda mwenyewe ndiyo iliyomharibikia mikononi. Kwa hivyo riwaya imeiongezea nahau kitu ambacho fasili haikuwa nacho: lawama. Ukiandika katika jibu lako kwamba anwani "inamaanisha mambo yamemharibikia", umejibu kwa kamusi. Ukionyesha kwamba matukio yanaifanya nahau iwe hukumu, umejibu kwa kifungu.

Walenisi ya Katama Mkangi (1995) ni kinyume cha Liwatoni. Hapa kukata kunafaa, kwa sababu mwandishi ndiye aliyeunda neno: wale ni sisi. Lakini hata hapa, bila safari ya Dzombo katika nchi ile, tungebaki na kitendawili kilichoteguliwa bila kuelewa kwa nini kilitegwa. Nayo Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) inalichukua neno ambalo kila mtoto analijua kutokana na methali ya umoja, inaligeuza mara nyingi: utengano wa Maimuna na dunia ya nje, wa mume na mke, wa mwenye nacho na asiye nacho. Kila uhusiano unaovunjika ni sentensi mpya ya neno lilelile.

Katika ushairi, muktadha unaweza kuokoa au kuangamiza jibu. Kimvita husema teka mahali ambapo sanifu husema cheka. Linganisha:

(14) Aliposikia kichekesho kile aliteka hadi akashika mbavu.
(15) Aliteka maji kisimani akajaza mtungi.
(16) Majambazi walimteka mfanyabiashara wakadai fidia.

Mtahiniwa anayejua maana ya (15) na (16) tu, akikutana na maana ya (14) katika shairi la Muyaka wa zama za karne ya 19 au la Abdilatif Abdalla wa karne ya 20, atabuni kisima au jambazi asiyekuwepo. Na tukimtaja Abdilatif, hebu lifikirie neno dhiki katika anwani ya diwani yake Sauti ya Dhiki (1973). Alizitunga tungo hizo akiwa kifungoni, baada ya kuhukumiwa mwaka wa 1969 kwa sababu ya kijikaratasi cha kisiasa. Ulinganishe muktadha huo na sentensi ya vitabu, "Nina dhiki ya pesa." Neno ni moja, kina ni viwili.

Je, muda uko wapi?

Najua utakalolisema, mwalimu. Silabasi ni pana, vipindi ni vichache, na orodha hukaririka haraka. Isitoshe, kuna wanaopata alama nzuri kwa kukariri. Ni kweli. Lakini pima hasara. Maneno ishirini yaliyokaririwa kwa orodha hudumu hadi Ijumaa. Maneno matano yaliyofunzwa kwa sentensi zinazobana humpa mwanafunzi pia viambajengo vyake: vitenzi vinavyoandamana nayo, ngeli zake, vinyume vyake. Katika sentensi ya (10) pekee amepata jarife, chelezo, zama na vua. Muda haujapotea.

Ninalo neno pia kwa mwalimu anayesahihisha. Chukulia mtahiniwa wa Likoni ameandika sentensi kama ile ya (6), ya mzee aliyeteleza kwenye daraja ya ghorofa. Msahihishaji asiyejua ila daraja la mto na daraja la cheo atashawishika kuweka mkasi. Kabla ya kufanya hivyo, aisome sentensi yote. Ikiwa imelibana neno kisawasawa, sentensi yenyewe ndiyo ushahidi wa maana. Tusimwadhibu mtoto kwa kuijua lugha kuliko orodha yetu.

Vipimo vitatu

Kabla ya kuandika sentensi ubaoni au katika karatasi ya mtihani, ipitishe katika vipimo hivi.

Kwanza, funika neno. Msomaji akiweza kulikisia, au kukaribia sana, sentensi imefaulu. Akiweza kuweka maneno kumi tofauti, ni tupu.

Pili, badilisha neno kwa kisawe chake cha karibu. Sentensi nzuri itakataa, au itabadilika maana kwa namna unayoweza kuieleza.

Tatu, uliza: ni nani anayeweza kuisema sentensi hii, na wapi? Sentensi isiyo na msemaji wala mahali ni ya kitabuni tu.

Zoezi

(a) Sentensi "Jodari ni samaki" ni bora kuliko "Baba alinunua jodari", lakini bado haijatosha. Eleza kwa nini, kisha utunge yako inayomtofautisha jodari na kidagaa.
(b) Tunga sentensi mbili kubainisha maana mbili za kila neno: chelezo, tingatinga, kivuko.
(c) Tunga sentensi moja itakayoonyesha kwamba ulalo si tingatinga.
(d) Chagua anwani ya kitabu teule unachokisoma. Taja tukio moja linaloongeza katika maana ya anwani hiyo kitu ambacho kamusi haina.

Dokezo la (a): "ni samaki" inamweka jodari katika kundi lakini haimtoi humo. Changu na papa pia ni samaki. Jodari ni mkubwa, huvuliwa bahari kuu na hukatwa vipande kabla ya kuuzwa. Kidagaa huanikwa na kupimwa kwa kopo. Tumia vitenzi hivyo, na sentensi yako itakuwa imekwisha kujiandika nusu. Ukikwama, muulize muuza samaki yeyote anavyowauza hao wawili, kisha unukuu jibu lake neno kwa neno.